Shangazi Hodi, Aliyekataa Kutumia Ufunguo

Tarehe 30 Juni mwaka huu Shangazi Hodi anastaafu, baada ya kuitumikia huduma yetu ya kanisa ya kupokea wakimbizi kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo amepokea familia zilizotoka kwenye vita, kwenye kambi, na kwenye safari ambazo wengine mpaka leo hawajaweza kuzisimulia. Amewafundisha watu kuwasha jiko la umeme, kupanda basi, kusoma barua za shule, na kumkatalia kwa upole mtu anayeuza vitu kwa simu. Amepanda ngazi nyingi. Magoti yake yalishaanza kuomba ruhusa zamani, na sasa ameamua kuyasikiliza.

Kamati ya jarida imeniomba mimi niandike maneno haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba natunza stoo, na stoo na ofisi yake vimetenganishwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo hakuna mfanyakazi aliyemsikia akikosea sauti za tenzi mara nyingi kuliko mimi. Ya pili ni kwamba kabla ya kuwa mfanyakazi mwenzake nilikuwa mtoto nyuma ya mmoja wa milango aliyoipigia hodi. Nitafika huko.

Shangazi alianza kwa kujitolea, akikunja nguo za msaada katika chumba cha chini cha kanisa. Yeye na mumewe, fundi bomba, walikuwa wamefika nchi hii miaka michache kabla, wao wenyewe wakiwa wakimbizi, na binti yao wa kwanza alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Anasema wakati akikunja masweta alikuwa akisikia akina mama wakiulizana kwa kunong'ona mambo ambayo hakuna aliyewaeleza. Kwa nini jirani haitikii salamu? Mtoto akiugua ghafla unampigia nani? Ile karatasi yenye maandishi mekundu iliyopenyezwa chini ya mlango ni onyo, au ni tangazo la duka la viatu? Akawa anajibu huku anakunja. Foleni ya majibu ikawa ndefu kuliko foleni ya nguo. Mchungaji aliyekuwa msimamizi wa huduma wakati ule akaona ampe kiti, baadaye meza, na hatimaye mkataba.

Jina la Hodi alilipata kwa tabia yake. Siku hizo huduma ndiyo iliyokuwa ikipanga nyumba kwa niaba ya familia mpya, na nakala ya kila ufunguo ilitundikwa kwenye ubao ofisini. Mfanyakazi akitaka kupeleka mablanketi au kukagua bomba linalovuja, alichukua ufunguo, akagonga kidogo, akaingia. Hakuna aliyeona ubaya wowote, kwa kuwa kila aliyeingia aliingia na kitu mkononi. Shangazi peke yake hakuugusa ubao ule. Alisimama nje, akaita hodi kwa sauti ya kufika jikoni, akangoja mpaka aitikiwe. Asipoitikiwa alirudi kesho yake. Wenzake walimtania kwamba kazi ya siku moja yeye anaifanya wiki nzima. Aliwajibu kwamba mtu aliyepoteza nyumba, shamba na nchi amebakiwa na kitu kimoja cha kumpa mgeni, nacho ni neno karibu, na hawezi kukupa ukiwa umeshaingia.

Wengi wenu mnamkumbuka kwa darasa lake la basi. Alikataa katakata kuwashika watu mkono. Aliwapa wanafunzi wake namba ya basi na jina la kituo, kisha akapanda nao na kukaa kiti cha nyuma kabisa akijifanya hawafahamu, ili wajisimamie. Shida ni kwamba basi humletea usingizi. Siku moja darasa zima lilishuka mahali sahihi, likapongezana, likaenda sokoni, na mwalimu akaamshwa na dereva mwisho wa njia. Alirudi kwa miguu akiwa amefurahi kupita kiasi. Aliwaambia ofisini kwamba hakuna mtihani ambao darasa lake limewahi kuufaulu vizuri namna ile.

Alifundisha pia namna ya kukaa kwenye usaili wa kazi. Yeye ndiye aliyekuwa bosi. Alikunja uso, akavaa miwani ya mumewe, akauliza maswali kwa ukali hadi jasho linamtoka mtu. Bwana mmoja wa makamo alisimama katikati akasema kama mabosi wa hapa wako hivyo, basi kazi yenyewe waendelee nayo wao. Ilibidi Shangazi avue miwani na kumbembeleza na chai. Bwana huyo sasa ni msimamizi wa ghala kubwa, na wafanyakazi walio chini yake wanasema ni mpole mno.

Palipohitaji ukali wa kweli hakuigiza. Alipigana kwa miaka mingi na kliniki ili watoto wasiendelee kutumiwa kuwatafsiria wazazi wao kwa daktari. Alisema mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kujua kwamba mama yake ana uvimbe, halafu atafute maneno ya kumwambia. Aliahirishiwa vikao, akarudi. Aliambiwa hakuna bajeti, akarudi. Leo kliniki ile ina wakalimani kwa simu, na watoto hungoja nje wakichora.

Sasa nifike kwenye mlango wetu.

Tulifika watu watatu: baba yangu, ambaye alikuwa fundi cherehani, mimi, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado na pengo la meno ya mbele. Mama alifia njiani. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Mwanzoni baba alijitahidi. Alitupeleka shule, alijifunza jina la mtaa, na jioni aliketi dirishani akitazama nguo za wapita njia na kutuambia zipi zimekatwa vibaya.

Siku moja tulikwenda kliniki kuchanjwa. Tukiwa huko, akina mama wema wa kanisa walichukua ufunguo wetu kwenye ubao, wakaja kutuandalia jambo la kutufurahisha. Walitandika vitanda kwa mashuka mapya. Walining'iniza mapazia, wakapanga vyombo, wakaweka maua mezani na mwanasesere juu ya kila mto. Kisha wakafunga na kuondoka kimyakimya, ili tushangae wenyewe.

Tulishangaa kweli. Baba alifungua mlango, akayaona yale maua, akatusukuma nyuma yake. Kule tulikotoka, watu waliwahi kuingia nyumbani kwetu wakati hatupo, na baada ya siku ile hatukuwa na nyumba tena. Alikagua chini ya vitanda akiwa ameshika mkasi wake wa kushonea. Wanasesere aliwatoa hadi kwenye ngazi, mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kulipuka. Halafu akafunga mlango, akasukuma kabati mpaka likauziba, na akatuambia hatutoki.

Hatukutoka. Tulikula mchele na maharage ya kopo tuliyoachiwa. Shule ikauliza tuko wapi. Afisa wa ustawi wa watoto akaja akagonga, akapiga simu, akagonga tena. Hakuwa mtu mbaya, na sheria ilimtaka afanye alichokifanya. Aliiambia huduma kwamba atarudi Ijumaa pamoja na askari, na asipofunguliwa mlango utafunguliwa kwa nguvu. Sisi watoto tungepelekwa kwa familia nyingine, na baba angepelekwa hospitali kupimwa akili. Kila aliyemfahamu baba alijua kwamba akichukuliwa watoto wake mbele ya macho yake, hatarudi kuwa mtu yuleyule tena, hata akija kurudishiwa.

Ilikuwa Jumanne. Mchungaji alimwita Shangazi, akautoa ufunguo wetu ubaoni na kumwekea mezani. Alimtaka aingie siku hiyohiyo azungumze na baba, kabla mambo hayajawa makubwa. Waliokuwepo wanasema Shangazi aliusukuma ule ufunguo kwa kidole kimoja hadi upande wa pili wa meza.

"Mchungaji, nikiingia na huu nitawapata watoto, lakini baba yao nitakuwa nimemvunja mara ya pili. Niache nikakae kwenye ngazi."

Mchungaji aliuliza, na Ijumaa ikifika akiwa bado yuko kwenye ngazi? Shangazi akasema Ijumaa haijafika. Akaongeza, kwa ile sauti yake ya mzaha inayomfanya mtu ashindwe kukasirika, kwamba hata Bwana Yesu husimama nje akabisha, na kama kuna mtu aliyestahili kupewa ufunguo wa akiba ni yeye. Mchungaji aliuchukua ufunguo akautia mfukoni, akamwambia aende.

Sisi tulimsikia kutokea ndani. Aliita hodi, akajitambulisha kuwa ni shangazi kutoka kanisani, akasema hana haraka. Baba aliweka kidole mdomoni. Shangazi akaketi kwenye ngazi. Baada ya hapo alianza kuutangazia mlango mambo yake, moja baada ya jingine. Sasa anafungua chupa ya chai. Chai imepoa. Sasa jirani wa juu anapita na mbwa, na mbwa ana koti zuri kuliko la Shangazi. Mdogo wangu alicheka huku ameuma mto. Jioni Shangazi alituaga kwa heshima zote, kama mtu aliyekuwa amekaribishwa sebuleni, akashuka.

Kesho yake alikuja na mfuko mkubwa wa majoho ya kwaya. Kwaya ilikuwa imepata majoho mapya, yote marefu kupita kiasi, na ilikuwa iimbe Jumapili. Kwa kuwa alijua atashinda ameketi, Shangazi alijitolea kuyapunguza. Wanakwaya hawakuulizwa maoni yao. Aliketi chini ya taa ya ngazi, mkabala na kitundu cha kuchungulia cha mlango wetu, akaanza kushona.

Wote tuliofanya naye kazi tunajua Shangazi anavyoshona. Baba alikuwa hajui. Alisogeza kabati kidogo, akachungulia, akarudi kukaa. Akanyanyuka, akachungulia tena. Nilimsikia akisema peke yake kwamba mwanamke yule anashika sindano kama mtu anayechokonoa jino. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsikia akizungumzia kitu kilicho nje ya nyumba. Siku nzima alikuwa akienda mlangoni na kurudi.

Alhamisi mchana Shangazi alimaliza joho moja, akasimama alikunjue alitazame. Joho likasimama naye. Alikuwa amelishona pamoja na sketi yake mwenyewe. Alizunguka upande huu, likazunguka. Akazunguka upande wa pili, likamfuata. Mgongo wa baba ulitikisika. Nikadhani analia, mpaka nikaona uso wake. Ndipo aliposema maneno yake ya kwanza kwa mtu wa nje, mdomo karibu na mbao.

"Dada, hebu acha. Unaliharibu hilo joho."

"Naliharibu, kaka, naona. Lakini kwaya inaimba Jumapili, na mimi ndiye niliyepatikana."

"Na uzi wenyewe si wa rangi yake."

"Wa rangi yake nimeupoteza humuhumu kwenye mfuko."

Baba alichungulia tena. Kisha akasema, "Hebu lipitishe hapa."

Alisogeza kabati. Akafungua mlango kiasi cha mkono kupita, mnyororo ukiwa bado umefungwa, akautoa mkono. Shangazi angeweza kuweka mguu pale, na wengi wetu tungefanya hivyo kwa nia njema kabisa. Alikata uzi uliomfunga na joho, akaliweka kwenye kiganja cha baba, akaegemeza mfuko mzima karibu na kizingiti, akashukuru, akashuka ngazi kwenda nyumbani kwake. Ofisini aliwaambia tu kwamba majoho yamepata fundi.

Ijumaa asubuhi walikuja wote: afisa, askari wawili, Mchungaji na ufunguo wake mfukoni, na Shangazi. Aliwaomba wasimame ngazi ya chini yake. Akaita hodi. Ndani, baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, majoho yote yakiwa kwenye mkono wake, yamepigwa pasi. Hakusogea. Shangazi akaita tena. Tulimsikia askari mmoja akikohoa na afisa akisema kitu kwa sauti ya chini. Mchungaji alinieleza miaka mingi baadaye kwamba wakati ule mkono wake ulikuwa tayari umeshaushika ufunguo. Shangazi aligeuka, akamtazama, na mkono ukabaki mfukoni. Akaita mara ya tatu, taratibu tu, bila kuongeza sauti.

Baba alitutazama mimi na mdogo wangu. "Karibu," alisema, ila kwa sauti ndogo mno. Shangazi akasema kwa unyenyekevu kwamba masikio yake ni ya mtu mzima. Baba akarudia, safari hii mtaa mzima ungeweza kusikia, akaondoa kabati na kufungua mlango kwa mkono wake.

Jambo la kwanza alilomwambia afisa wa ustawi wa watoto, kupitia kwa Shangazi, lilikuwa ni malalamiko. Alisema imembidi afumue joho moja lote na kuanza upya, na kwamba mtu yeyote asimpe tena dada huyu sindano. Shangazi alitafsiri kila neno. Halafu baba akawakaribisha mmoja mmoja, hata askari, akawatafutia pa kukaa, akawapa maji. Afisa alizungumza naye kwa muda mrefu, akazungumza na sisi, akaondoka na askari wake. Tukabaki na baba yetu.

Mpaka leo kuna ubishi ofisini kama Shangazi alishona vibaya makusudi. Mwenye shaka aende akatazame pazia la ofisi yake.

Sitaki mtu afikiri kwamba yote yalipona siku moja. Kwa miezi baada ya hapo baba aliweza kufika ngazi ya mwisho tu, kisha anarudi. Shangazi alikuja, akaita hodi, akashuka naye hadi pale, akarudi naye. Baadaye wakafika getini. Baadaye kituo cha basi. Alikuwa na familia nyingine nyingi za kutembelea, na mvua ilimnyeshea kama inavyowanyeshea watu wote, lakini hakukosa, na hakumharakisha hata siku moja.

Wale akina mama wa kanisa waliposikia zawadi yao ilifanya nini, walilia. Walikuja kuomba radhi, wakasimama nje mpaka wakaitikiwa. Baba aliwasamehe, akanywa nao chai, na kabla hawajaondoka alishamwambia mmoja wao kwamba blauzi yake inambana begani.

Kwenye kikao cha wafanyakazi kilichofuata, Shangazi alidai ubao wa funguo uondolewe na kila nakala ikabidhiwe familia inayoishi humo. Kulikuwa na upinzani. Wengine waliuliza, moto ukitokea je? Alijibu kila swali, kikao baada ya kikao, mpaka maswali yakaisha. Tangu wakati huo hatuingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa, na hatumpambii mtu nyumba yake. Familia mpya hukuta nyumba safi, chakula kabatini na magodoro ambayo hayajatandikwa. Vitambaa vya mapazia huja kuvichagua stooni kwangu, na huvishona wenyewe katika chumba cha cherehani ambacho baba alikisimamia hadi nguvu zilipomwishia. Wengi wenu mlijifunza kwake. Mnakumbuka alivyozoea kutoa maelekezo huku ameuma pini, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudie.

Baba yetu alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Alikuwa mgonjwa kwa muda, na alifariki nyumbani, kitandani kwake. Mimi nilikuwa upande mmoja na mdogo wangu upande mwingine, tukibishana kidogo nani amlowanishe midomo, kama tulivyobishana maisha yetu yote nani akae karibu naye. Alitusikia, maana alitabasamu. Shangazi alikuwa jikoni akisuuza vikombe. Alikataa kuingia chumbani. Alisema saa ile ilikuwa yetu sisi watatu.

Nimeifikiria sana ile Ijumaa tangu tumzike. Kama mlango ungefunguliwa kwa ufunguo, labda sisi wawili tungekua salama mahali fulani, tukiwa na afya na elimu nzuri. Ila wakati wa kumsindikiza baba tusingekuwepo, na pengine tusingemjua. Tulipata kukua mbele yake, naye akazeeka mbele yetu. Tulipata kumchoka, kumcheka, kumfulia, kugombana naye kuhusu chumvi. Yote hayo yalikuwa mashakani siku ile, na mtu aliyeyaokoa aliyaokoa kwa kuketi kwenye ngazi ya saruji na kukataa ufunguo.

Shangazi, ofisi nzima inakushukuru, na kwaya inakushukuru kwa kutoshona tena. Umetufundisha kazi hii kwa kuifanya mbele yetu, na tutaifanya hivyo hata siku ambazo njia ya mkato iko mfukoni. Nenda ukakae na fundi bomba wako, ukawachoshe wajukuu kwa nyimbo zako, ulale hata kwenye basi bila mtu wa kukuamsha. Tunakuombea miaka mingi ya afya, magoti yaliyotulia na nyumba yenye vicheko. Na Mungu akuachie watu wako wote karibu nawe, kama wewe ulivyotuachia baba yetu.